Cheche Mkononi: Usiku Wangu wa Kwanza na Tochi ya Shoti

Jamani, ile sauti! Naanzia hapo hapo kwenye sauti, maana tangu juzi usiku masikio yangu hayajatulia. Umeme umekatika, Manika yetu hapa Kolwezi yote giza, mimi nimesimama uani na kitu cheusi cha urefu wa kiganja na nusu. Nasukuma swichi hadi mbele, nabonyeza kitufe, na papo hapo: trrrrraaak! Cheche ya buluu inaruka kati ya ncha mbili za chuma, inacheza, inajikunja kama nyoka mdogo, na pua inapata ile harufu kali inayobaki hewani radi ikipiga karibu. Mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Mama mdogo akatoka mbio na kikwembe begani, akiuliza ni nani aliyetuma radi kwenye kiwanja chake wakati mvua bado. Nikabonyeza tena. Sikuweza kujizuia!

Kwa asiyekijua kifaa hiki: ni tochi ya kuchaji kama nyingine, ila mdomoni ina ukingo wa chuma wenye meno, na katika ukingo huo kuna ncha zinazorusha umeme. Wengine huiita tochi ya shoti, wengine tochi ya polisi, kwa sababu ya neno lililochapwa ubavuni. Ina ndugu wawili wakubwa. Wa kwanza ni kirungu cha umeme, ambacho nacho lazima kimguse mtu. Wa pili ni bastola ya umeme, Taser, inayorusha vishale kutoka mbali, na huyo nitamfikia, subirini kidogo, kwa sababu naye nimemshika mwenyewe kwa mikono yangu miwili!

Yangu niliinunua sokoni. Muuzaji alianzia dolari 20, tukavutana, nikaondoka, akaniita, nikarudi, tukakubaliana 12. Ndani ya boksi: tochi, waya wa kuchajia, ala ya kuning'iniza mkandani, na kamba ya mkononi yenye pini ndogo. Pini hiyo, ndugu zangu, ndiyo akili kubwa kuliko zote katika kifaa hiki! Kamba inakaa kwenye kifundo cha mkono wako, pini inakaa ndani ya tako la tochi. Mwizi akikunyang'anya, pini inachomoka na shoti inazimika. Anabaki na tochi tupu mkononi. Nilijaribu mara kumi na mara zote kumi ilizimika.

Sasa maandishi ya boksi. Boksi linasema kilovolti 20,000. Nilisoma mara mbili, kisha nikakaa chini. Kilovolti 20,000 ni volti milioni 20! Sisi wa Kolwezi tunazijua volti nyingi zinavyofanana, maana laini ya Inga inaishia hapa hapa kwetu. Ilikamilika mwaka 1982, ikatambaa kilomita 1,700 kutoka maporomoko ya mto Kongo hadi kituo cha kugeuzia umeme cha Kolwezi, na wakati huo hakukuwa na laini ndefu kuliko hiyo duniani. Volti zake ni 500,000. Simama chini ya minara yake uinue macho: ile minyororo ya vikombe inayoshikilia nyaya ni mirefu kuliko mtu, kwa sababu ukiikata mifupi umeme utaruka hadi kwenye chuma cha mnara. Halafu tochi yangu ya dolari 12 ijidai ina volti mara 40 ya Inga, na ncha zake zimeachana kwa milimita 20? Nilipima kwa rula.

Hesabu yake ni tamu, na mtoto wa sekondari anaweza kuifanya. Hewa kavu inahitaji volti 3,000 hivi kwa kila milimita moja ndipo ikubali kupasuka na kupitisha cheche. Zidisha kwa milimita 20, unapata 60,000. Ncha zilizochongoka hupunguza mahitaji hayo, na Kolwezi imekaa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na hupasuka kwa urahisi zaidi. Na umeme ukishapata njia ya kupita, haupandi tena, unamwagika. Kwa hiyo tochi yangu haiwezi kuvuka volti elfu hamsini, sitini, hata boksi lichapwe sifuri hadi ukingoni.

Je, nilivunjika moyo? Hata kidogo! Nilifurahi kama mtu aliyegundua siri ya mganga, kwa sababu sasa nilijua cha kutazama. Volti kazi yake ni kuvuka pengo, yaani hewa, nguo, ngozi kavu. Linaloamua mwili utafanywa nini ni kiasi cha umeme kinachopita, mapigo yake yanavyofuatana, na umbali kati ya mahali unapoingia na mahali unapotokea. Shikeni hilo la umbali.

Kesho yake asubuhi nikaipeleka kwa fundi wa simu ninayemfahamu, kijana mwenye mikono mitulivu, tukaifungua. Uzuri ulioje! Betri inasukuma umeme wake mdogo kwenye kibao cha kijani, kibao kinaukatakata kuwa mapigo ya haraka, mapigo yanaingia kwenye transfoma isiyozidi kidole gumba, na huko ndani kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa na kuzungushwa na kuzungushwa. Kila mzunguko unaongeza volti. Baadaye kapasita zinazikusanya na kuziachia kwa mkupuo. Shaba! Niliitazama ile koili kwa kioo cha fundi, moyo ukanijaa. Malori yanatoka hapa kila siku kuelekea mpakani Kasumbalesa na sahani za shaba zimefungwa minyororo, na kitu kinachopiga kelele mkononi mwangu usiku kinaishi kwa shaba. Betri ndiyo iliyonihuzunisha: ni ya risasi na asidi, kama ya gari ila ndogo. Mkoa wetu wa Lualaba ndio moyo wa nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na tochi inakuja hadi mlangoni kwetu na betri ya teknolojia ya karne ya kumi na tisa. Atakayetengeneza inayofuata aweke litiamu. Tutalipa dolari tano zaidi, na tutalipa kwa furaha.

Tukaja kwenye jaribio. Kwanza nguo. Shati la pamba: cheche inapita kama haipo. Suruali ya jinzi: inapita, kwa shida kidogo. Koti nene la mitumba, lile tunalovaa Juni na Julai baridi ya asubuhi inapouma mifupa: hakuna kitu. Cheche inaona njia ndefu, inarudi kuruka hewani kati ya ncha zake, kelele tupu. Mkumbuke hilo walinzi wa zamu ya usiku. Miezi ya baridi, mtu aliyevaa koti amevaa ngao.

Kisha paja langu.

"Yaya, una akili kweli?" fundi akaniuliza, tochi ikiwa mkononi mwake.

"Nusu sekunde, mdogo wangu. Juu ya goti, upande wa nje. Ukiniona naanguka, niondolee kiti."

Akagusa. Mungu wangu! Chukua siafu mia, wapange mahali pamoja, waambie waume kwa wakati mmoja, kisha weka chini yao nyundo inayogonga nyama kutoka ndani, haraka haraka, kuliko unavyoweza kuhesabu. Nilipiga ukelele uliosimamisha wapita njia. Zilibaki alama mbili nyekundu kama za kuumwa na mbu, na mguu ulitetemeka hadi nilipomaliza chupa nzima ya maji. Lakini sikilizeni jambo lenyewe: sikuanguka. Nilibaki nimesimama. Kabla hata ukelele haujaisha, mkono wangu ulikuwa umeshausukuma mkono wa fundi pembeni, wenyewe, bila kungoja amri yangu. Mimi ni mtu wa kawaida, sijalewa, sina hasira. Mlevi mwenye hasira angefanya zaidi ya kusukuma. (Na tafadhali, msinifuate katika hili. Mwenye tatizo la moyo, mjamzito, mtoto, mzee: asiguswe kabisa. Shingo, uso na kifua: kamwe.)

Hii ndiyo siri ya tochi ya shoti. Inaumiza, haizuii. Ncha zake ziko karibu mno, umeme unaingia na kutoka kwenye kipande kidogo cha nyama, misuli mingine yote ya mwili haina habari. Ulichonunua ni sekunde mbili za mshtuko, na katika sekunde hizo lazima uwe umeshakimbia.

Mto Kongo wenyewe unalijua somo hili tangu zamani kutuzidi. Katika maji ya bonde la Kongo yumo kambale wa umeme, mnene, asiye na magamba, mvivu kumtazama, anayeweza kutoa hadi volti 350. Volti 350 tu! Na kwa hizo huwapooza samaki wadogo akawameza. Hana haja ya kuruka hewa, maji yanambebea umeme, na mwili wake mzima, kichwa hadi mkia, ndio pengo kati ya ncha. Angekuwa na boksi, lisingeandikwa kilovolti.

Basi, Taser! Mkufunzi mmoja wa walinzi alikuja na kifaa cha X26 kwa mafunzo, na kwa dakika kumi akaniachia nikishike. Kina gramu mia mbili hivi, chepesi kuliko simu mbili. Kinakaa mkononi kama bastola lakini rangi yake ya njano inapiga kelele kwamba si bastola. Ukivuta kifyatulio, gesi ya naitrojeni iliyobanwa kwenye katriji inasukuma vishale viwili, kila kimoja kikiburuta waya mwembamba nyuma yake. Alilenga ubao uliofunikwa karatasi ya fedha, akafyatua. Pap! Vishale vikakita, na kwa sekunde 5 tukasikia mapigo 19 kila sekunde, tatatatata, kama cherehani ya jini.

Na hapa ndipo umbali ule niliowaambia mshike unapofanya maajabu. Vishale havitoki sambamba. Cha juu kinakwenda moja kwa moja, cha chini kinashuka, na kila mita mbili na kidogo vinaachana kwa sentimita 30. Kimoja kikikaa mgongoni na kingine pajani, umeme unapita katika misuli yote iliyo katikati, unazishtua neva zinazoiamrisha misuli hiyo, nayo inajikaza yenyewe. Ubishi hausaidii, ulevi hausaidii. Mtu anakakamaa kama ubao na kwenda chini. Volti? Kwenye ncha, ikiruka hewani, ni 50,000. Mwilini zinafika kama 1,200. Umeme wenyewe kwa wastani ni miliampea mbili na ushei. Na toleo lililotoka Januari 2023, TASER 10, limeshuka hadi volti 1,000, linarusha vishale kumi kimoja kimoja, na linafika mita 13 na nusu. Volti zimepungua, kazi imeongezeka! Nenda ukamweleze hayo mwenye boksi la milioni 20.

Jina lenyewe linatugusa. Jack Cover, mwanafizikia wa Marekani aliyewahi kushiriki mpango wa Apollo wa kwenda mwezini, alikipa chombo chake jina linalotokana na lile la shujaa wa hadithi ya vijana ya mwaka 1911, Tom Swift, ambaye katika kitabu hicho anakuja Afrika kuwinda tembo kwa bunduki ya umeme. Hataza ilitoka mwaka 1974. Kifaa cha kwanza kilirusha vishale kwa baruti, ndiyo maana mwaka 1976 Marekani ilikihesabu kuwa bunduki. Ndugu wawili, Rick na Tom Smith, walipoanza kampuni yao mwaka 1993 wakaiondoa baruti na kuweka naitrojeni, na baadaye polisi wa nchi nyingi wakakipigania. Afrika ya kwenye kitabu ilikuwa ya kubuni. Sisi wa kweli tunapaswa kukipima wenyewe, kwenye ardhi yetu.

Na ardhi yetu ina mashimo. Nilipomaliza kushangilia ule ubao wa karatasi ya fedha, nilimwuliza mkufunzi: mtu akikakamaa ukingoni mwa shimo la kreza, mchimbaji wa mkono, inakuwaje? Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo huvuti." Hapo huvuti kabisa. Mtu aliyeshikwa na umeme hawezi hata kunyoosha mikono kujikinga anapoanguka. Huku kwetu, kuanzia Kasulo, ambako watu walichimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao, hadi kwenye migodi mikubwa iliyozungushiwa uzio, udongo uko wazi kila upande, na msimu wa mvua mitaro imejaa maji. Huko Marekani kwenye lami, shirika la habari la Reuters lilihesabu mwaka 2017 zaidi ya watu 1,000 waliokufa baada ya polisi kuwapiga Taser, na sababu zilikuwa nyingi. Udongo wetu haustahimili hata kosa moja.

Tarehe 15 Novemba 2025, katika machimbo ya Kalando hapa Lualaba, watu wasiopungua 32 walikufa daraja la muda lililokuwa juu ya mtaro wa maji lilipoporomoka. SAEMAPE, wakala wa serikali wa wachimbaji wadogo, ilieleza kuwa milio ya risasi za wanajeshi ilizua taharuki, watu wakajazana darajani, wakaangukiana. Tangu siku ile rafiki zangu wengi wananiambia: ona, wanajeshi wangekuwa na zile tochi zako! Nakipenda chombo hiki kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo hiyo nasema hapana. Chombo cha shoti ni cha mtu mmoja mbele ya mtu mmoja, mahali tambarare, kwa sekunde chache. Ukikipeleka kwenye umati uliobanana juu ya daraja, sauti yake peke yake inatosha kuleta msiba ule ule.

Pale kinapofaa, lakini, kinafaa vizuri mno! Mama mwenye kibanda cha kubadili fedha anafunga saa mbili usiku na kutembea hatua mia hadi kwa motari wake wa pikipiki. Sentineli wa kiwanja ana fimbo na filimbi tu, na upande wa pili wa ukuta kuna mtu anayepima kama aruke. Hawa hawatafuti vita, wanatafuta mtu aghairi. Nilimwazima sentineli wa jirani tochi yangu kwa usiku mmoja. Asubuhi akaniambia alibonyeza mara moja tu, hewani, pale aliposikia miguu kwenye kokoto nyuma ya ukuta, na miguu ikaondoka. "Papa, haikumgusa mtu," akasema akicheka, "sauti ndiyo iliyofanya kazi." Na taa yake! Nyeupe, ya kuchoma macho, inafika mwisho wa barabara yetu na kurudi.

Sasa neno moja zito, na nalisema nikiwa shabiki. Hiki kifaa kinaacha alama mbili za mbu, ndiyo maana duniani kote kimependwa na watesaji. Aliyekwisha fungwa mikono, aliyelala chini, aliye ndani ya chumba cha mahojiano, akiguswa na cheche hii anateswa, hakuna jina lingine. Sheria yetu namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011 inahesabu utesaji kuwa kosa la jinai. Mwaka 2023 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utesaji, Alice Edwards, aliiomba dunia ipige marufuku biashara ya vifaa vya umeme vya kumgusa mtu moja kwa moja mikononi mwa vyombo vya dola, na nikikumbuka paja langu namwelewa. Polisi au mlinzi wa kampuni hana sababu ya kubeba kirungu cha umeme. Akipewa Taser, apewe ile inayoandika ndani yake saa na dakika ya kila mfyatuo, na kumbukumbu hiyo isomwe na mtu asiyekuwa bosi wake.

Na kwa wenye ndugu Ulaya: msiwapelekee zawadi hii! Ubelgiji inaikataza kwa sheria yake ya silaha ya tarehe 8 Juni 2006. Uingereza inaihesabu pamoja na bunduki zilizokatazwa katika sheria ya mwaka 1968, na kwa kuwa shoti yake imefichwa katika sura ya tochi, hukumu huanzia miaka 5 jela. Shemeji yako anashuka uwanja wa ndege na mkoba, hajui hata swichi iko wapi, na maisha yake yameharibika.

Hukumu yangu basi. Taa: bora kuliko tochi yoyote niliyowahi kununua kwa bei hiyo. Sauti: kubwa kupita nilivyotarajia, na ndiyo silaha yake ya kweli. Shoti: maumivu ya sekunde mbili kwa aliyevaa nguo nyepesi, bure kwa aliyevaa koti. Pini ya kamba: kamili. Betri: dhaifu, ichajiwe kila siku ya pili. Boksi: litupwe. Ukiinunua, usilipe zaidi ya dolari 12, vaa kamba mkononi kabla hujatoka mlangoni, bonyeza hewani ukiwa bado mbali, kisha kimbia kuelekea kwenye watu.